Chumvi ya Kununulia

Kitale,
Jumamosi jioni, Septemba 2009

Nekesa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya sweta, dawa ya kichwa na namna ya kusonga ugali kwenye jiko la umeme ameyamaliza yeye, nami sina la kuongeza. Nimekaa huku stoo, kwenye meza yangu ya kupimia, katikati ya magunia. Kazi yangu ya uongo niliifanyia kwenye meza hii, basi nimeona hata ukweli niuandikie hapa hapa.

Unanijua mimi ni mtu wa maneno mengi. Nikimpata mteja naongea mpaka chai yake inapoa. Lakini barua hii nimeianza tangu Jumatano, na kila nikiandika "mwanangu" nasimama, natoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Mvua haiji. Ni aibu inayonitoa nje.

Nianze na ile simu. Mwezi uliopita ulipokuja kutoka Nairobi ulinikalisha sebuleni ukanipa simu yako, ile uliyobandika kidude mgongoni mwake, ukaniambia, "Baba, usiangalie. Tikisa tu, kama uko stoo." Nikatikisa. Ndani ya simu, mahali ambapo hapana kitu cha kutikisika, nikasikia punje za mahindi zikigongana. Ukanieleza kwamba kila punje ni ujumbe mmoja ambao haujasomwa, ujumbe mrefu unalia kwa uzito na mfupi unalia kwa wepesi, ili mama aliyebeba mtoto mgongoni na karai kichwani ajue kilichomo mfukoni bila kuitoa simu, na asiyeona ajue sawa na anayeona. Hiyo ndiyo elimu utakayoisomea huko Uingereza mpaka uitwe daktari: mkono uulize kwa kutikisa, sikio lijibiwe kwa sauti, macho yapumzike. Mama yako alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Mimi nilikurudishia simu haraka nikasema nina mteja. Ulidhani sikuelewa, na ukweli ni kwamba nilielewa kuliko nilivyotaka.

Nikiwa mlangoni ukaniita unionyeshe taa. Pembeni mwa kioo cha simu umeweka kitaa cha kijani kinachowaka kumthibitishia mtu kwamba alichosikia ndicho. Ukasema mwalimu wako mmoja amekuuliza: ikiwa lengo ni mtu asiangalie, mbona unamlazimisha aangalie tena? Ukamjibu kwamba hujui, ila sauti peke yake wewe huiamini. Ulisema hivyo ukicheka.

Kabla hujarudi Nairobi ukaniachia nakala ya ile karatasi uliyowaandikia walimu wa huko ukiomba nafasi. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, lakini niliisoma na kamusi yako ya zamani, neno kwa neno, siku mbili nzima. Umeandika kwamba ulipokuwa na miaka tisa ulitikisa mkebe wa mahindi katika stoo ya baba yako, ukasikia kwamba yamekauka, ukasema hivyo mbele ya watu, na kumbe umekosea. Kwamba baba yako alikusahihisha kwa chumvi. Kwamba tangu siku hiyo umetaka kujua ni vipi sikio linaweza kumdanganya mtu aliye na hakika. Mwishoni umenishukuru, umetaja jina langu lote, kwa kukufundisha usiamini kitu kabla ya kukipima.

Nekesa, hukukosea. Yale mahindi yalikuwa makavu, nami nilijua kwamba ni makavu. Nilijua hata kabla yako.

Sasa nikueleze vile siku ile ilivyokuwa upande wangu wa meza. Stoo yetu ilikuwa bado Bungoma, nyuma ya soko, na biashara ya mahindi ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa kwa watu wa kawaida kama mimi. Mashine za kupimia unyevu zilikuwa za wakubwa. Sisi tulipima kwa chumvi. Unachukua mahindi kidogo, unayatia ndani ya chupa kavu ya kioo, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, unaiacha itulie kidogo. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekauka. Ikiganda kwenye kioo, bado yana maji. Hata mtoto anaweza, na kila mkulima aliuamini mtihani huo kwa sababu aliuona kwa macho yake.

Ila mimi nilikuwa na chumvi mbili. Moja niliikaanga kwenye sufuria mpaka ikawa kama mchanga, nikaifungia ndani ya chupa yenye kifuniko. Hiyo ilikuwa chumvi ya kuuzia, ya kuwaonyesha wenye lori waliotoka Eldoret na Nairobi. Nyingine niliiacha wazi kwenye kibakuli kando ya birika la chai, ikila mvuke kutwa. Hiyo ilikuwa chumvi ya kununulia. Hata ungeitikisa na misumari ingeganda. Mkulima akiona chupa imekuwa nyeupe ndani, anainama mwenyewe, na mimi sina haja ya kubishana naye bei.

Sikuzaliwa na ujanja huo. Niliuona mjini Moi's Bridge nikiwa kijana, nilipokuwa nikipakia magunia kwa tajiri mmoja pale. Siku niliyogundua bakuli lake la chumvi sikumchukia, nilimvulia kofia. Nilijiambia huyu mzee ana akili, na mimi siku moja nitakuwa na akili kama yake. Hilo sikwambii ili unipunguzie mzigo. Nakwambia kwa sababu watu husema mtu huharibika polepole bila kujua, na mimi sikuharibika hivyo. Nilipenda mara moja, mchana, nikiwa na macho mawili.

Siku ile alikuja Mama Wafula wa Mabanga. Unamkumbuka, mama mrefu, mwenye kanga kiunoni, aliyekuwa akipenda kukupa njugu. Alikuwa amesoma kozi ya kukausha mahindi kule kituo cha kilimo cha Mabanga, na majirani zake walikuwa wameanza kumfuata: waanike juu ya turubai badala ya ardhini, wageuze kwa mguu kila baada ya muda, waingize ndani kabla umande haujashuka. Alileta magunia yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na wakulima wengine watano au sita wakaja nyuma yake waone mahindi ya mtu aliyesoma yanapokelewa vipi. Wewe ulikuwa likizoni. Kazi yako ilikuwa kushika mkebe wa majani chai wakati mimi nadunga gunia kwa chuma chenye mfereji, punje zimwagikie humo, uniletee mezani.

Ulikuwa na tabia ya kuutikisa mkebe karibu na sikio ukiwa njiani. Nilikuwa nikiona, naona ni mchezo wa mtoto. Sikujua kwamba ulishajifunza, kwamba mahindi makavu yanalia kwa ukali na mabichi yanagongana kwa uzito. Hakuna aliyekufundisha. Ulikuwa umesikiliza tu.

Nikatia chumvi ya kununulia, nikatikisa chupa, ikaganda. Mama Wafula akaitazama, akanitazama. Akasema, "Baba Nekesa, mimi nimefundishwa kukausha. Hii mahindi iko sawa." Nikamwonyesha kioo. Wale wengine wakaanza kunong'onezana. Hapo ndipo wewe ukautikisa ule mkebe uliobaki na punje kidogo, ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Baba, lakini imekauka. Sikia."

Ungekuwa mtu mzima ningekujibu kwa hoja. Kwa kuwa ulikuwa mtoto, na ulisema kweli, nilishikwa na hasira ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nikacheka kwanza, ili wao wacheke. Halafu nikasema, "Huyu masikio yake ni mgonjwa. Mama yake atampeleka hospitali." Wakacheka kweli. Nikakunyang'anya mkebe. Ulinitazama, sijui kama unakumbuka ulivyonitazama. Hukulia. Ulitazama chupa, ukatazama mkebe ulioko mkononi mwangu, na nikaona unaamua. Uliamua kuniamini mimi. Nikwambie ukweli, katika maisha yangu sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama kile, na bado nilisema, "Haya, enda ndani."

Ungenidharau siku ile ningepona mapema. Lakini ulikwenda kwa mama yako ukamwambia masikio yako ni mgonjwa, kwa sababu baba amesema. Mama yako, ambaye hakujua chochote, alikutilia mafuta ya moto siku tatu, kisha akakupeleka kliniki. Mganga aliangalia akasema masikio haya ni safi kabisa, mtoto anasikia kuliko sisi. Mama yako alikuja nyumbani na habari hiyo kwa furaha. Nilikuwa nakula. Niliisikia, nikaomba chumvi.

Baada ya hapo ukaanza kuuliza kila kitu mara mbili. "Umesema nini, Baba?" Nakwambia tena, unaitikia kwa kichwa, kumbe ulikuwa umesikia mara ya kwanza. Uliacha kuimba ukiosha vyombo. Nilikukuta siku moja nyuma ya stoo na mikebe mitano, kila mmoja na mahindi yake, unatikisa, unaandika kwenye daftari la hesabu, halafu unatia chumvi uliyoiba jikoni kwa mama, unaangalia kama sikio lilisema kweli. Chumvi ya jikoni ilikuwa kavu. Sikio lako lilikuwa linapatia, na wewe ulikuwa unaandika alama ya mkasi, ya kukosa, kwa sababu ulishasadiki kwamba kuna mahali umekosea. Nilisimama pale nikakutazama kichogoni. Neno moja tu lingetosha. Nikarudi kwa wateja.

Mama Wafula naye alikubali chupa. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba na yeye alikubali. Alirudisha magunia Mabanga akayaanika upya. Turubai halikutosha mahindi yote, mengine akayaweka ardhini, na mvua ya mawe ikamkuta kanisani. Yaliyopona aliyala nyumbani, mengi yalioza. Majirani wakasema mafunzo ya kituo ni ya kwenye karatasi tu, wakarudia kuanika njiani. Yeye hakualikwa tena kumfundisha mtu. Mimi nilizipata habari hizo kwa mdomo wa watu na nikatikisa kichwa kama anayesikitika.

Mwaka uliofuata tukahamia Kitale. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ni kwa sababu mahindi yako huku, na ni kweli mahindi yako huku. Lakini pia nilikuwa nimechoka kukutana na mama yule sokoni akinisalimia kwa heshima. Kibakuli cha chumvi nilikivunja siku ya kuhama. Niliona kwamba hapo nimetubu, kumbe nimevunja kibakuli tu.

Na kuna jambo baya zaidi ya lile la stoo. Lile la stoo lilikuwa la dakika moja, na hili nimelifanya miaka kumi na sita. Niliigeuza hadithi ile kuwa mzaha. Kwenye arusi ya shangazi yako niliisimulia, mtoto wangu aliyesikia maji yakiwa makavu. Nikaisimulia ulipoitwa sekondari, nikaisimulia siku ya mahafali yako ya chuo mbele ya wajomba zako wote, na wewe ukacheka pamoja nao, ukaongezea mwenyewe ile sehemu ya mafuta ya moto. Nilikuwa nausimulia uongo wangu mara kwa mara ili uzeeke uwe ukweli. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Mimi niliufukiza ubani miaka yote hiyo, na harufu bado iko.

Nilidhani basi, umekua, umesoma, limekwisha. Ile karatasi ikaniambia halijaisha. Umeijenga nyumba nzima ya elimu yako juu ya jiwe nililokutupia. Kile kitaa cha kijani, mwanangu, nakijua kinakotoka. Mwalimu wako amekuuliza mbona unataka kuthibitisha kwa macho kitu ambacho sikio limeshasema, ukakosa jibu. Jibu ni mimi. Ukitaka kukiacha kitaa, kiache, wewe ndiye fundi. Lakini kiwe pale kwa sababu zako, kisiwe pale kwa sababu ya chumvi iliyolala kando ya birika.

Nilimwambia mama yako Jumanne. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alichambua mpaka ungo ukaisha, akasema, "Uliyemnyamazisha si mimi. Mwambie mwenyewe." Tangu hapo tunaongea habari za begi lako tu.

Kwa sababu mimi ni mwoga, sikuja kwako moja kwa moja. Alhamisi nilikwenda Mabanga. Nilijiambia nianze na mkubwa. Mama Wafula amezeeka, goti moja limekataa, lakini turubai lake lilikuwa limetandikwa uani na mahindi ya mavuno haya yamesambazwa sawasawa, na mjukuu wake anayageuza kwa mguu. Alinipa kiti kizuri, akanipa chai. Nikasema yote, chumvi ya kwanza na ya pili. Aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema:

"Mimi nilijua. Si siku ile. Mwaka uliofuata nilipima na chumvi yangu nikaona mafunzo yangu yako sawa. Kitu sikujua ni kama wewe ulikuwa unajua."

Nikasema nilikuwa najua.

"Na mtoto je? Huyo mwenye alinitetea?"

Nikasema mtoto hajui, Jumapili anasafiri kwenda Uingereza kusoma.

"Sasa Baba Nekesa, kwangu umekuja kufanya nini kwanza?"

Nikamaliza chai yangu. Niliposimama kuondoka nilikuwa natarajia, nikwambie tu, natarajia aseme amenisamehe. Hakusema. Aliinama kwa shida kwenye turubai, akachota mahindi kwa viganja viwili, akanitilia ndani ya bahasha ya karatasi. Akasema, "Mpelekee. Asikize." Na akasema Jumapili atakuja na akina mama wa kanisa kwa maombi yako, kwa sababu siku ile hakuna mtu mwingine aliyefungua mdomo, na hajapata kukushukuru.

Nilikuwa nataka kukupa mashauri ya mzazi. Nimeyatafuta, nimeona sina. Nina moja tu, na nimelipata kwa njia mbaya. Huko uendako utakutana na watu wenye vyombo vizuri kuliko masikio yako, na mara nyingi watakuwa sahihi, wasikilize. Lakini mtu akikuonyesha chupa, uliza chumvi yake ililala wapi. Na ukiwa wewe ndiye mwenye chupa, halafu mtoto wa watu akakwambia sikia, naomba usikie. Mimi nilishindwa.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nilikuaibisha mbele ya watu, na msamaha wa kuandikiwa kando ni kuanika njiani tu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha wangu vya kutosha.

Basi nisikilize. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome leo kabla ya kulala. Kesho asubuhi wajomba zako kutoka Bungoma watakuwa hapa, na akina mama wa kanisa, na Mama Wafula. Kabla ya maombi, meza ya sebuleni itakuwa na ule mkebe wa majani chai. Ndiyo, ni ule ule, umeota kutu kidogo pembeni. Tangu tuhame ulikuwa nyuma ya kabati langu, sikuweza kuutumia na sikuweza kuutupa. Ndani yake nimetia mahindi ya Mama Wafula. Hapatakuwa na chupa wala chumvi.

Ukiona ni afadhali jambo hili libaki kati yetu, usiuguse mkebe. Nitakuelewa, tutaomba, tutakusindikiza, na nitakuwa nimepata kilichonistahili. Ukiona vingine, uinue, uutikise karibu na sikio lako kama ulivyokuwa ukifanya, na useme unachosikia. Useme kwa sauti.

Nami nitasimama mbele yao wote nijibu nilivyopaswa kujibu siku ile: Mtoto huyu amesikia vizuri. Mwongo ni mimi.

Baba yako